Redio ya Baba: wanawake wa Mara na vyombo vya mawasiliano tangu enzi za barua

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, na uamuzi uliotoka kwenye kikao hicho ukabeba jina la mji. Azimio la Musoma linakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni agizo kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule awe na nafasi darasani. La pili ni sharti kwamba anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, apate sifa kazini na kwenye chama, ndipo aende. Waandishi wa historia ya elimu wamelichambua sana Azimio hilo. Wasichokitazama ni kwamba lilikuwa pia tukio katika historia ndefu zaidi ya mkoa wa Mara, yaani historia ya nani anashika chombo cha kupokea na kutuma habari. Kusoma na kuandika ndicho chombo cha kwanza cha aina hiyo. Redio ni cha pili, simu ni cha tatu, na intaneti imefuata juzi tu. Ukivipanga vyote kwa mfuatano huo na kuvitazama Musoma, Bunda na Butiama, unaona jambo ambalo takwimu za simu peke yake haziwezi kukuonyesha.

Takwimu zenyewe zinajulikana. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikadiria kwamba mwaka 2023 asilimia 70 ya wanaume duniani walitumia intaneti, na kwa wanawake asilimia 65. Ripoti ya mwaka huohuo ya GSMA, jumuiya ya makampuni ya simu, ilisema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ulikuwa pungufu kwa asilimia 19 ukilinganishwa na wa mwanamume. Nyuma ya namba hizi husimama maelezo yanayorudiwa kila mahali: kwamba pengo limeletwa na teknolojia mpya, na kwamba litaondoka lenyewe bei ikishuka na minara ikiongezeka. Nashikilia kwamba kwa Mara maelezo hayo yamekosea mwanzo wake na mwisho wake. Pengo lilikuwapo kabla simu ya mkononi haijafikiriwa. Limejirudia kwa kila chombo kilichoingia. Na lilipopungua kwa kiasi cha kuonekana, lilipungua kwa sababu chombo kilitolewa mikononi mwa mtu mmoja kikawekwa katikati ya kikundi ambacho wanawake walikuwa wamekaa ndani yake kwa haki yao.

Tuanze na barua. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa kutoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma. Baada ya hapo akaenda Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh. Safari hiyo ya Julius Nyerere imesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kipaji. Hapa inafaa isomwe kama kielelezo cha utaratibu. Serikali ya Waingereza ilihitaji makarani, wakalimani na watawala wa wenyeji, na iliwatafuta kwanza miongoni mwa watoto wa kiume wa watemi. Karani wa kike hakuwa akitafutwa na mtu yeyote. Kwa hiyo kwa kizazi kizima herufi zilikaa kwa wanaume wachache wa boma, wa migodi ya dhahabu kama Kiabakari na Buhemba, na wa jeshi la kikoloni la KAR lililowachukua vijana wengi wa Musoma hadi vita vya mbali. Wanaume hao walituma barua nyumbani. Mke au mama aliyeletewa barua alilazimika kumtafuta kijana wa shule au mwalimu wa dini amsomee. Kiasi cha fedha kilichotumwa, habari za ugonjwa, maneno ya ndoa, vyote vilipita kinywani mwa mtu wa tatu kabla ya kumfikia aliyeandikiwa, na jibu lake likaandikwa kwa mkono usio wake. Leo tunapozungumzia mwanamke anayeazima simu ya mumewe kupiga, tunazungumzia hali ambayo bibi yake aliijua vizuri sana.

Mlango wa wasichana haukufungwa kabisa, na haki inataka tulitaje hilo. Wasabato walikuwa Ikizu na Majita tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wakatoliki walikuwa Nyegina karibu na Musoma, na kote huko herufi zilikuja pamoja na katekisimu na Biblia. Maria Waningu Magige, msichana wa Baraki ambaye mwaka 1953 aliolewa na Nyerere, alisoma kwa masista wa Nyegina, akaendelea Ukerewe, akapata ualimu Sumve, akarudi kufundisha Nyegina. Ukimtazama yeye peke yake unaweza kudhani njia ilikuwa wazi. Lakini tazama masharti yake: bweni lililomtoa msichana kwenye kazi za mji wa baba yake, masista waliomlinda dhidi ya kuozwa mapema, na mzazi aliyekubali kuahirisha ng'ombe wa mahari. Katika mkoa ambao mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe wengi, na ng'ombe hao ndio kaka yake aliowatumia kuoa, kumwacha binti shuleni kulikuwa na gharama ambayo ada peke yake haikuieleza. Waliovuka walivuka kwa sababu kulikuwa na mahali palipotengwa kwa ajili yao. Pasipokuwa na mahali hapo, hakuna kipaji kilichotosha.

Redio ilikuja kwa njia nyingine, njia ya pamba. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na redio ndogo za betri zilipoenea katika muongo wa 1960 zilikuta Kanda ya Ziwa ikiwa na fedha. Ushirika wa wakulima wa pamba, uliounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria chini ya Paul Bomani, ulikuwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika, na wakulima wa Bunda na Musoma walikuwa ndani yake. Sasa fuatilia shilingi. Mwanamke alipanda, alipalilia, alivuna na kuchambua. Kazi ya pamba ilikuwa ya familia nzima, na palizi kwa sehemu kubwa ilikuwa yake. Lakini mwanachama wa chama cha msingi, yule ambaye jina lake liliandikwa kwenye kitabu na aliyepokea malipo dirishani, kwa kawaida alikuwa baba mwenye mji. Malipo yalipotoka ndipo baiskeli iliponunuliwa, na redio. Vitu hivyo viwili, kimoja cha kumpeleka mtu na kimoja cha kumletea habari, viliingia nyumbani vikiwa na mwenyewe tayari. Katika mji wa mitala, ambako kila mke alikuwa na nyumba yake, redio ilikuwa moja nayo ilikaa alipokaa baba. Mawe yake yalinunuliwa na baba, na yakikaribia kuisha ni baba aliyeamua yabaki kwa ajili ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Saa ya taarifa ya habari ya jioni ilikuwa saa ya jikoni. Hakuna aliyetunga sheria ya kumkataza mwanamke kusikiliza, wala haikuhitajika.

Hapa ndipo Mara inakuwa na jambo la kuifundisha nchi. Mwaka 1968 UNESCO na serikali ya Tanzania zilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Wazo lilikuwa kwamba mtu mzima atajifunza herufi kwa urahisi zaidi kama kitabu chake kinazungumzia kazi yake, kwa hiyo vikaandikwa vitabu vya pamba, vya ndizi, vya ng'ombe, vya uvuvi. Kulikuwa na kitabu cha maarifa ya nyumbani pia, nacho kilikusudiwa wanawake. Kasoro ilikuwa wazi tangu mwanzo: mpaliliaji mkuu wa pamba alipewa kitabu cha mapishi na usafi, na habari za mbegu, dawa na bei zikawekwa kwenye kitabu kilichodhaniwa kuwa cha mumewe. Hata hivyo wanawake walikuja. Shule za ngumbaru, kama watu walivyoziita, zilijaa akina mama, na kitaifa walikuwa wengi kuliko wanaume. Walikuja mchana baada ya shamba, watoto wakiwa mgongoni, chini ya miti, kwenye maghala na kwenye madarasa yaliyoachwa na watoto wao. Anayesema kwamba wanawake wa vijijini hawana hamu ya vyombo vya habari anapaswa kwanza kueleza mahudhurio hayo.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Inastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana katika historia yote ya mawasiliano nchini hakuna mfano mzuri zaidi wa redio kubadilishwa mwenyewe. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofikia milioni 15. Kwa wiki 12 kila kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kikasomewa kitabu kwa sauti, kikajadili malaria, kuhara damu, maji, vyoo, kisha kikaamua cha kufanya. Angalia kilichotokea kwa chombo. Redio ilitoka alipokaa baba ikaenda mahali pa mkutano. Saa ya kusikiliza ikapangwa na kikundi badala ya kupangwa na jiko. Asiyejua kusoma akasomewa hadharani, bila kumwomba mtu hisani. Na aliyesikia alitakiwa kusema, kwa kuwa kipindi kilimalizika kwa mjadala na uamuzi. Mambo manne ambayo redio ya nyumbani ilimnyima mwanamke, yaani mahali, saa, uelewa na sauti, yalirudishwa kwa mpigo mmoja bila kununuliwa redio moja kwa kila mwanamke. Mwaka uliofuata likaanza kutoka Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wale waliokuwa wamemaliza kujifunza herufi na kukosa cha kusoma. Na mwaka huohuo ndio TANU ilikaa Musoma.

Wapo watakaosema kwamba ninapamba enzi zilizokuwa na shuruti. Hoja hiyo ina uzito, nami siikwepi. Miaka hiyohiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, ambapo watu wengi walihamishwa kwa nguvu na nyumba kuchomwa, na Mara haikusalimika. Kisomo chenyewe kilisukumwa na wenyeviti na mabalozi, na asiyekwenda aliweza kutozwa faini. Matokeo pia yalitangazwa kwa matumaini kupita kiasi. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba waliobaki ni asilimia 9.6 tu. Kisha sensa ya 2002 ikaonyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika ni asilimia 77.5 ya wanaume na asilimia 62.2 ya wanawake. Ama hesabu ya 1986 ilikuwa ya kujifurahisha, ama waliojifunza walisahau. Yamkini yote mawili. Lakini mpinzani huyu ajiulize kilichotokea kati ya tarehe hizo. Uchumi ulianguka baada ya vita vya Uganda na bei ya mafuta. Ushirika ulikuwa umevunjwa tangu 1976. Vitabu vikaisha, taa zikakosa mafuta, walimu wa kujitolea wakakosa posho, vikundi vikatawanyika. Mkono wa umma ulipoondoka, pengo la wanaume na wanawake likabaki wazi kwa asilimia 15. Hilo linaonyesha kwamba pengo lilikuwa limezuiwa na mpango uliofanya kazi, na kwamba mpango huo uliachwa kabla ya kukomaa. Shuruti haikuwa sehemu ya lazima. Akina mama waliojaza ngumbaru hawakuhitaji kufukuzwa na balozi ili wasikilize habari za afya ya watoto wao. Walihitaji mahali, saa na ruhusa ambayo haitolewi na mtu mmoja.

Sehemu ya pili ya Azimio la Musoma ina somo lake, nalo linahusu leo kuliko linavyodhaniwa. Sharti la kufanya kazi kabla ya chuo kikuu liliandikwa bila kutaja mwanamume wala mwanamke, lilikuwa sawa kwa wote. Lakini msichana aliyetoka kidato cha sita akarudi nyumbani kwa miaka miwili alikuta posa inamngoja, na wengi hawakurudi masomoni. Idadi ya wasichana waliojiunga ilishuka haraka kiasi kwamba mwaka 1976 waliondolewa sharti hilo, wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Ni mara chache chama na serikali vilikiri upesi hivyo kwamba kanuni inayofanana kwa wote inaweza kuwa na matokeo yasiyofanana. Elimu ya msingi nayo ilifanikiwa kuwaandikisha wasichana karibu sawa na wavulana kufikia katikati ya muongo wa 1980, kisha njia ikawa nyembamba kama tundu la sindano kwenye sekondari, ambako nafasi zilikuwa chache mno na wasichana wachache zaidi. Waliokuja kuwa mafundi mitambo, makarani wa posta na simu, na baadaye wahandisi wa mitandao, walichujwa hapo.

Simu ya mkononi ilipofika mkoani mwanzoni mwa muongo wa 2000, ilikuta basi ardhi iliyokwisha kulimwa. Kabla yake simu ya mezani ilikuwa ya ofisi na ya matajiri wa mjini, na mwananchi wa kawaida alipanga foleni posta. Simu ya mkononi iliahidi kitu kipya kweli: chombo kidogo, cha bei nafuu kadiri miaka ilivyokwenda, kisichohitaji herufi nyingi. Nakiri kwamba imefanya mambo ambayo hakuna kampeni iliyowahi kuyafanya. Kitochi chenye redio ndani yake kimempa mwanamke wa Bunda, kwa mara ya kwanza katika ukoo wake, redio isiyo ya baba, na anaweza kusikiliza Mazingira FM akiwa jikoni kwake. M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, imemwezesha mchuuzi wa dagaa wa Mwigobero, Musoma, kupokea malipo kutoka kwa mnunuzi wa mbali bila kumpitishia mtu fedha. Wanaosema soko litamaliza pengo wanasimama juu ya mifano hii, nayo ni mifano ya kweli.

Ila chunguza jinsi simu ilivyoingia nyumbani. Ilinunuliwa na mwenye fedha taslimu, na fedha taslimu bado zilifuata njia ya pamba, ya dhahabu na ya mshahara. Kijijini kusikokuwa na umeme ilichajiwa senta kwa malipo, na anayeshinda senta ni mwanamume; mwanamke anapita hapo akiwa na mzigo. Ilipokuja simu janja, baba aliinunua na kumwachia mama kitochi chake cha zamani, kama vile redio mpya ilivyowahi kumwachia mama ile iliyochoka. Wengine hujibu kwamba simu ya nyumba ni ya wote, kwa nini kuhesabu nani mwenyewe? Kwa sababu mawasiliano ni jambo la siri na la wakati. Ujumbe wa kliniki unaosomwa kwanza na mume, salio la kikundi analoliona kabla ya mkewe, simu ya dada anayeomba msaada usiku wakati chombo kiko mfukoni mwa mtu aliye kilabuni: kuazima hakuponyi lolote kati ya haya. Na mke aliyepata simu yake mara nyingi anadaiwa kuonyesha nani amempigia. Kuhusu umaskini, ni kweli kwamba mwanamume maskini wa Butiama naye hana bando. Lakini umaskini ungekuwa maelezo yote, basi katika nyumba moja yenye kipato kimoja chombo kingeweza kuangukia kwa yeyote. Kwa vyombo vitatu mfululizo, kwa miaka karibu mia moja, kimeangukia upande uleule.

Kanuni nazo zimerudia kosa la sharti la chuo kikuu la 1974 pasipo mtu kulikumbuka. Tangu Januari 2020 laini ambayo haijasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa inafungwa. Nia ni nzuri na kanuni inafanana kwa wote. Hata hivyo kitambulisho kinataka safari, cheti, muda wa kusubiri. Asiyekuwa nacho hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine, na fedha zilizomo ndani yake kisheria ni za mwenye jina. Mwanamke wa kijijini anayetunza akiba ya kikundi kwenye laini ya mumewe amerudi kwenye dirisha la chama cha msingi, ambako kitabu kiliandikwa jina la mwingine. Wakati ule wa sharti la chuo kikuu serikali ilichukua miaka miwili kuona na kurekebisha. Hapa hata hesabu ya laini kwa jinsia, kata kwa kata, bado haijawa kitu ambacho diwani wa Bunda anaweza kukiomba kwenye kikao akakipata.

Mtandao wa intaneti ulikuja Mara kwa mlango wa ofisi. Katikati ya muongo wa 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, kwa msaada wa Sida, shirika la misaada la Sweden, ziliendesha mradi wa majaribio uliounganisha Bunda na Serengeti, ukitegemea nyuzi za mwanga zilizofuatana na njia za umeme za TANESCO. Kitaalamu ulikuwa mradi wa kujivunia, uliotangulia mkongo wa taifa, na ulizifikia halmashauri, shule na hospitali mahali ambapo makampuni yaliona hakuna biashara. Lakini mtandao unaotoka taasisi kwenda taasisi unamfikia aliye ndani ya taasisi. Akina mama wa gulio la Bunda waliishi umbali wa hatua chache kutoka kwenye kasi ya intaneti ambayo wakati ule miji mingi haikuwa nayo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa kisomo angeuliza: kikundi gani kitakaa mbele ya mashine hii, saa ngapi, na nani atawasomea? Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa mkoani humohumo, kizazi kimoja nyuma, na majibu yalikuwa kwenye makabati ya idara ya elimu ya watu wazima.

Mfano wa karibuni unaoonyesha kwamba swali bado linajibika unatoka Butiama na Serengeti, na umezaliwa kutokana na jambo zito. Sheria ya 1998 ilikataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini uchunguzi wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huohuo aliyepitia ukeketaji na akaamua kusema hadharani, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba salama katika wilaya hizo mbili. Tatizo lake moja lilikuwa la ramani: msichana anapiga simu au anamtuma mtu, na gari la polisi halijui kijiji kilipo. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora barabara, mito na nyumba za vijiji vya Tanzania kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Vijijini wakachaguliwa wawakilishi, wakapewa simu janja na mafunzo, wakawa wanajaza kwenye fomu ya simu taarifa za ukatili, za ndoa za utotoni, za mwanamke aliyenyimwa urithi. Taarifa hufika kwa shirika, na kutoka hapo kwa dawati la jinsia la polisi au ustawi wa jamii. Mwanamke mwenye simu ya namna hiyo haulizwi nyumbani ameipata wapi wala anampigia nani, maana kijiji kinajua ni simu ya kazi gani. Chombo kimepewa wadhifa, na wadhifa ndio unaokilinda. Ni kanuni ileile ya Mtu ni Afya, imebadilishwa ikafaa wakati huu.

Udhaifu wake nao ni uleule. Simu hizo zimelipiwa na wafadhili, kama vitabu vya 1968 vilivyolipiwa na mradi wa kimataifa, na mfadhili ana tarehe ya kuondoka. Mahali pa kuutafutia mpango huu uhai mrefu pako ndani ya halmashauri zenyewe. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya upotevu wa fedha, na ilipofunguliwa tena mwaka uliofuata maombi yalielekezwa kwenye mfumo wa mtandaoni ili kudhibiti vikundi hewa. Udhibiti ulihitajika, hilo halina ubishi. Ila tazama nani sasa anajaza fomu kwa ajili ya kikundi cha kina mama wa Butiama wasio na simu janja hata mmoja. Atakuwa kijana wa stesheneri ya senta, au mume wa mwenyekiti, au mgombea wa kesho, na namba ya siri itabaki kwake. Kila ofisi ya kata inatakiwa kuwa na afisa maendeleo ya jamii. Simu mbili au tatu za kikundi, zilizosajiliwa kwa majina ya wanawake wenyewe, siku moja ya wiki inayojulikana ya kukaa nazo pamoja, na afisa huyo akiwa msomeshaji tu asiyegusa namba ya siri: gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya wilaya, na halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zinaweza kuiingiza kwenye bajeti ijayo bila kusubiri mradi wowote.